Matumbawe laini yakinywea: ubadilishe maji, uweke mkaa, usogeze au ukate?

Tumbawe laini unalolifuga kwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani halina mfupa wa jiwe wa kulisimamisha. Ndani ya nyama yake mna vijiti vidogo sana vya chokaa, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Kwa hiyo likiudhika kwa sababu yoyote ile hufanya jambo lilelile: hutema maji, hufunga polipu zake (vile vijimaua vyenye vidole juu ya nyama), hunywea. Chumvi imezidi, linanywea. Taa mpya ina makali, linanywea. Jirani kamwaga sumu, linanywea. Hata likiwa zima na linabadili ngozi tu, linanywea vilevile.

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mfugaji anaona tumbawe limejikunyata, anaagiza chupa ya nyongeza, anaimimina, anasubiri wiki, anaagiza nyingine. Msimamo wangu ni kwamba kwenye tangi la matumbawe laini, tiba inayotoa kitu ndani ya maji huishinda tiba inayoongeza kitu, karibu kila mara. Tiba zenye maana ni nne: kubadilisha maji, kuweka mkaa wa kuchujia, kulisogeza tumbawe, na kuliogesha au kulikata. Ya tano ni chupa, nayo nitaisema kwa ufupi kwa sababu haistahili zaidi.

Ni moja au ni yote?

Swali hili linakata kesi nyingi kabla hujatumia hata shilingi. Simama mbele ya tangi taa zikiwa zimewaka saa mbili tatu, uangalie lipi limefunga na lipi limechanua. Kama lililofunga ni moja na mengine yote yamechanua vizuri, tatizo liko pale lilipo: mwanga, mkondo, jirani, mdudu, samaki anayelidonoa, au linajichubua. Maji yaache. Kama yamefunga mengi ya aina tofauti kwa wakati mmoja, tatizo liko kwenye maji yenyewe: chumvi, joto, sumu au njaa. Hapo hakuna haja ya kuhamisha tumbawe hata moja.

Yakifunga yote, pima chumvi na joto kwanza, kabla ya naitreti na fosfeti (mabaki ya chakula na kinyesi), kabla ya kitu kingine chochote. Chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, au 1.025 hadi 1.026 kwa wanaosoma uzito wa maji; joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Kasoro kubwa iko kwenye vipimo. Haidromita ya plastiki yenye mshale hushikwa na vipovu na chumvi iliyoganda, ikadanganya kwa utulivu kabisa. Rifraktomita ni bora, ila wengi huisahihisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaani wanairekebisha kwenye sifuri halafu wanaitegemea kwenye 35. Nunua kichupa cha maji ya kusahihishia yenye chumvi 35, utone tone moja kwenye kioo, uzungushe skrubu mpaka mstari ukae hapo. Mtu anaweza kufuga miezi kadhaa kwenye 38 akiamini yuko 35.

Tofauti ya mahali unapoishi inaingia hapa. Dar, Tanga na Mombasa tatizo ni joto la Januari na Februari. Feni inayopuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili au tatu, lakini inafanya hivyo kwa kuyakausha, na yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukiwasha feni bila kurudishia maji safi kila siku, umetibu joto na kuleta chumvi. Isitoshe, hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo feni haina nguvu kama ingekuwa nayo bara. Nairobi mambo ni kinyume: usiku wa Juni na Julai hita ndiyo inayofanya kazi, na hita ikikwama kwenye kuwaka unapika tangi usiku mmoja. Aliyeko Muscat au Dubai ajue kwamba bila mashine ya kupoza, kiyoyozi kikizimika mchana, hakuna feni itakayomwokoa.

Ukikuta chumvi imepanda, usiishushe kwa siku moja. Ondoa maji kidogo, rudishia maji safi yasiyo na chumvi, ushuke kama gramu moja kwa siku, mfano kutoka 38 hadi 37. Tumbawe lililozoea 38 polepole litaumia zaidi ukilirudisha 35 kwa dakika kumi.

Kujichubua na kuoza

Hii ndiyo jozi inayowachanganya watu kuliko zote, hasa kwenye matumbawe ya ngozi: Sarcophyton lenye kofia kama uyoga, Lobophytum na Sinularia lenye vidole.

Sarcophyton linalojichubua huanza kwa kuficha polipu zote. Kofia inakuwa laini kama imepakwa nta, inang'aa, rangi inafifia kuelekea kijivu. Siku chache baadaye unaona utando mwembamba umeanza kuachia pembezoni, mara nyingine una uchafu na mwani juu yake, unapeperuka na mkondo kama karatasi ya nailoni. Ndilo lengo la zoezi lote: linatupa ngozi iliyochafuka. Linaweza kuchukua siku tatu, linaweza kupita wiki mbili. Likimaliza, polipu zinatoka, na mara nyingi kofia inakuwa kubwa kuliko mwanzo. Katika muda wote huo shina linabaki gumu, limesimama.

Kinachooza hakifanani na hayo ukikiangalia kwa karibu. Rangi haififii sawasawa. Kunatokea doa moja, jeusi au kahawia, limebonyea. Ute wake ni wa nyuzinyuzi na unaachia nyama, si utando. Shina linalegea, linainama upande mmoja. Ukilitoa kwenye maji linanuka, na harufu hiyo ukishainusa mara moja hutauliza tena ni harufu gani.

Linalojichubua lipe mkondo zaidi kidogo usaidie kuubeba utando, basi. Usilisugue kwa mswaki, usilibandue utando kwa vidole. Linalooza halisubiri, lipeleke kwenye wembe, nitafika huko.

Yapo pia yanayotisha bila sababu. Capnella, ambalo kwenye biashara ya dunia nzima huuzwa kama "mti wa Kenya", huangusha vitawi vyake lenyewe. Mfugaji mpya anaamka anakuta vipande sakafuni, anadhani linakufa, kumbe linazaa: kila kitawi kitashika jiwe na kuwa tumbawe jipya, hadi siku utakapotamani lisizae. Uyoga wa bahari nao hujing'oa na kuelea ukatafute mahali pengine. Kiumbe akihama si lazima awe mgonjwa, ingawa kama uyoga wote umehama kutoka pembe moja, iangalie ile pembe.

Kubadilisha maji au mkaa?

Sasa chukulia yamefunga yote, chumvi na joto viko sawa. Mshukiwa wangu wa kwanza ni sumu, na kwenye tangi la matumbawe laini sumu mara nyingi inatoka kwa matumbawe yenyewe. Hawa viumbe hawana mwiba wa maana wala mfupa wa kujilindia, wanapigana kwa kemikali. Wanatoa terpeni kwenye maji, na maji ya tangi la lita 200 hayana pa kwenda. Huko Great Barrier Reef, Australia, watafiti Sammarco, Coll na wenzao walionyesha mwaka 1983 kwamba matumbawe laini yanaweza kudumaza na hata kuua matumbawe magumu yaliyo karibu, mengine bila hata kugusana. Baharini sumu hiyo inachukuliwa na mkondo. Sebuleni kwako inazunguka na pampu inarudi.

Mfugaji aliyejaza Sinularia, Sarcophyton na Xenia (tumbawe laini lenye vidole vinavyofumba na kufumbua) kwenye tangi moja ameweka maadui chumba kimoja. Wanaweza kuishi pamoja miaka, mradi kuna kitu kinachoondoa sumu.

Kubadilisha maji kunapunguza kila kilichomo kwa uwiano uleule. Ukitoa asilimia 20, umepunguza sumu kwa asilimia 20, naitreti kwa asilimia 20, kila kitu. Hesabu yake inawapiga chenga wengi: ukibadilisha asilimia 20 mara tatu, inayobaki ni karibu asilimia 51 ya sumu ya mwanzo. Yaani mabadiliko matatu madogo ni sawa na moja la nusu tangi. La nusu lina haraka, lakini maji mapya yasipolingana kwa chumvi na joto, mshtuko wake ni ugonjwa wa pili. Kwa sumu ya ghafla, mfano mtu kapuliza dawa ya mbu chumbani na pampu ya hewa ikaivuta, nachagua nusu tangi siku hiyohiyo. Kwa kudorora kwa polepole nachagua madogo.

Mkaa hufanya kazi tofauti. Unanasa vitu vya asili ya viumbe: terpeni, umanjano wa maji, dawa nyingi za kikemikali. Hauigusi chumvi, hauigusi naitreti, na kwa shaba si wa kutegemewa. Faida yake ni kwamba haubadilishi kitu kingine, kwa hiyo hauna mshtuko wa chumvi wala joto, na unafanya kazi usiku na mchana wewe ukiwa kazini.

| Kilichomo majini | Kubadilisha maji | Mkaa |
|---|---|---|
| Sumu ya matumbawe jirani | Hupunguza kwa uwiano | Mzuri sana |
| Dawa ya mbu, manukato, losheni ya mikono | Hupunguza, fanya haraka | Husaidia, weka pamoja |
| Shaba | Hupunguza | Usiutegemee, tafuta resini ya kunasa shaba |
| Naitreti, fosfeti | Hupunguza | Haugusi |
| Chumvi iliyozidi | Inawezekana, polepole | Haugusi |

Mkaa ninaousema si wa jikoni. Mkaa wa kuchomea mahindi haujaamilishwa, hauna vile vitundu vidogo vinavyonasa kemikali, na utakuachia vumbi na majivu. Unaofaa ni ule wa vichujio, na mwingi wake unatengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kikombe kimoja kwa lita 200 kinatosha. Usuuze kwa maji ya RO (yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu) mpaka yatoke meupe, uutie kwenye mfuko wa neti mahali ambapo maji yanapita ndani yake na si pembeni, ubadilishe kila wiki mbili hadi nne. Ukiuacha miezi sita umebaki na mfuko wa changarawe nyeusi.

Tahadhari moja ambayo wauzaji hawaisemi: tangi lililokaa muda mrefu bila mkaa maji yake huwa ya manjano, na umanjano huo unapunguza makali ya taa. Ukimimina kikombe kizima siku ya kwanza, maji yanang'aa ghafla, mwanga unaingia kwa nguvu ambayo matumbawe hayajaizoea, yananywea tena, safari hii kwa sababu yako. Anza na robo kikombe. Wiki ya pili ongeza.

Kwa hiyo ukiniuliza nichague kimoja kwa tangi lenye aina nyingi za matumbawe laini yanayodorora polepole bila sababu unayoiona, nachagua mkaa. Ukishaona nafuu, mabadiliko ya maji yafuate kama kawaida ya wiki. Kama kuna shaba, mkaa haukusaidii. Na shaba inaingia kwa njia za kijinga, hasa dawa ya samaki iliyomiminwa kwenye tangi kuu badala ya ndoo ya pembeni, au kiungio cha shaba nyeupe kwenye bomba. Ichunguze pia sumaku ya pampu na ya kifutio cha kioo. Plastiki yake ikipasuka, sumaku inaota kutu ndani ya maji, na unaweza kubadilisha maji mwaka mzima usifike popote.

Maji ya bahari au ya kuchanganya?

Kwa sisi wa pwani hili ni swali halisi. Bahari iko pale, bure. Maji yake mazuri ni mazuri kuliko chumvi yoyote ya mfuko. Tatizo ni neno "mazuri". Usiyateke karibu na bandari, mdomo wa mto, soko la samaki wala mbele ya hoteli. Usiyateke wakati wa masika, Machi hadi Mei, wala siku chache baada ya mvua kubwa. Malindi unaiona kwa macho Sabaki ikimwaga tope jekundu baharini, na kile usichokiona ni kilichobebwa na tope hilo kutoka mashambani. Teka maji yakijaa, toka nje kwa mashua ikiwezekana, yachuje kwa kitambaa kizito, yapime chumvi. Yaweke gizani yakizungushwa na pampu wiki moja au mbili kabla ya kuyatumia.

Maji ya Ghuba ni kesi nyingine. Pwani ya Dubai na Abu Dhabi chumvi yake inafika 40 na zaidi, kwa hiyo bila kuyazimua unayaua matumbawe yaliyozoea 35. Upande wa Muscat, bahari ya Oman, ni nafuu zaidi lakini bado iko juu kidogo.

Aliyeko Kampala, Bujumbura, Nairobi au Leicester kule Uingereza hana uchaguzi: ni chumvi ya mfuko na maji ya RO. Na ni ya mfuko wa akwariamu, si ya mezani. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini na madini joto, haina kalsiamu wala magnesi inayohitajika. Maji ya bomba yasiingie kabisa, yana klorini na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba yenyewe. Ukininunulia kitu kimoja cha tangi langu, ninunulie kichujio cha RO kabla ya taa ya bei mbaya.

Njaa na shibe

Ugonjwa wa zamani ulikuwa uchafu: naitreti juu, mwani kila mahali. Ugonjwa wa siku hizi ni usafi. Mfugaji ana skima kubwa (mashine ya povu inayotoa uchafu majini), ana dawa ya kunasa fosfeti, anapima naitreti sifuri na fosfeti sifuri, anafurahi, na matumbawe yake yanapauka na kusinyaa. Matumbawe laini yanahitaji kitu cha kula. Naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 ni sawa kabisa kwao, na yapo mengi yanayostawi hata juu ya hapo.

Kuyatofautisha ni rahisi. La njaa limepauka, ni dogo, na kioo chako ni kisafi wiki nzima. La shibe lina rangi ya kahawia nzito na mwani unapanda juu ya mkeka wake, hasa ule mkeka wa zambarau wenye polipu za kijani kama majani. Mkeka huo ukifunikwa na mwani haufunguki mpaka uusafishe. Kwa la njaa ongeza chakula cha samaki, zima skima saa kadhaa usiku, toa ile dawa ya fosfeti. Mkaa uache humohumo.

Kusogeza au kuacha

Kama limefunga moja tu, anza na taa. Mwanga ukizidi, tumbawe linajikunja, linapauka upande wa juu, na chini ya kivuli cha kofia rangi ni nzuri. Mwanga ukipungua linarefuka shina, linainama kuelekea kwenye taa na kuwa jeusijeusi. Kwa wenye kipimo cha PAR, yaani cha mwanga unaotumika kwenye usanisinuru, matumbawe ya ngozi yanaridhika kati ya 75 na 150, uyoga chini ya hapo, 30 hadi 80. Asiye na kipimo ajiulize tu: nimebadilisha taa hivi karibuni? Taa mpya ya LED isiwashwe zaidi ya nusu ya nguvu yake mwanzoni, iongezwe kidogo kila wiki. Kati ya kulisogeza tumbawe chini na kupunguza taa, punguza taa. Tumbawe lililohamishwa linaanza kuzoea upya mwanga, mkondo na jirani vyote kwa pamoja, na ukilihamisha tena baada ya siku tatu kwa sababu halijafunguka, hutajua kamwe ni kipi kilichokuwa kibaya.

Mkondo ni tofauti kidogo. Hapo sogeza pampu. Pampu inayopiga upande mmoja moja kwa moja inachana nyama. Unataka tumbawe liyumbe huku na kule, si kulala upande mmoja siku nzima.

Samaki nao waangalie, na uwaangalie ukiwa umekaa mbali, kwa sababu ukisogea wanakuja kuomba chakula na kuacha walichokuwa wanafanya. Kitatange ni mzuri machoni lakini wengi wa jamii yake wanadonoa polipu. Wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wasipopata anemoni, hujilaza kwenye kofia ya Sarcophyton na kulisugua mpaka lifunge wiki kadhaa. Kwa kawaida linazoea. Lisipozoea, uamuzi ni kati ya samaki na tumbawe, na hapo siwezi kukuchagulia.

Kuogesha au kukata

Kuogesha kunafaa kwa wadudu, kukata kunafaa kwa kuoza. Watu hufanya kinyume: wanaliogesha linalooza, likafia kwenye beseni.

Wadudu wa matumbawe laini hujificha vizuri. Konokono wasio na gamba wanaokula matumbawe ya ngozi hufanana nayo kwa rangi; utawaona usiku kwa tochi, au utaona mayai yao yaliyopangwa kwa mviringo chini ya kofia. Ovula ovum, yule wa kombe jeupe kama yai na vazi jeusi, anayeuzwa kwa watalii pwani yetu, chakula chake ni Sarcophyton. Akiingia na jiwe bichi atalimaliza. Mchukue kwa mkono. Kwa wadogo, toa maji ya tangi kwenye beseni, weka matone ya iodini ya Lugol mpaka rangi ifikie chai ya rangi iliyo nyepesi, chovya dakika kumi hadi kumi na tano ukilipulizia maji kwa bomba la sindano, suuza kwenye beseni la pili, rudisha. Maji ya beseni yamwage, yasirudi tangini. Mayai hayafi kwa dawa hii, kwa hiyo rudia baada ya wiki.

Kukata kunatisha, lakini ndiko kunakookoa. Chukua wembe mpya, kata ndani ya nyama nzima, sentimita moja mbali na doa, si pembeni mwa doa. Ukiacha hata ukingo wa kahawia, kuoza kunaendelea. Sehemu nzima itapona. Kofia ikikatwa yote, shina litaota nyingine. Kisha suuza ute wote, ongeza mkondo, weka mkaa mpya siku hiyohiyo kwa sababu kidonda kinamwaga sumu nyingi.

Kipande ulichookoa hakishiki kwa supagluu, ute unakiteleza. Choma kijiti cha meno kwenye shina, ukifunge juu ya jiwe kwa mpira, au ukiweke kwenye kikombe chenye changarawe na kukifunika kwa neti mpaka kishike. Neti hiyo isiwe ya chandarua. Vyandarua vingi huku kwetu vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni sumu kali kwa kamba na kaa walio ndani ya tangi. Tumia kipande cha shela ya bibi harusi, kinauzwa kwa mita Kariakoo.

Zoantidi na Palythoa, vile vijiua vinavyouzwa pamoja na matumbawe laini ingawa si jamii moja, vina sharti lake. Baadhi vina palitoksini, sumu iliyotambuliwa Hawaii mwaka 1971, miongoni mwa sumu kali kabisa za baharini. Vaa glavu na miwani, usivikate ukiwa na kidonda mkononi, usivisugue kwa brashi nje ya maji, na usichemshe jiwe lake kwa hali yoyote: mvuke wake unaingia mapafuni. Mwaka 2018 kijijini Steventon, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya tangi kusafishwa. Kama kipande cha zoantidi kinaoza na huna vifaa, kitupe kikiwa ndani ya mfuko na maji yake.

Chupa

Iodini ndiyo inayouzwa zaidi kwa matumbawe laini. Maji ya bahari yana takriban miligramu 0.06 tu kwa lita, vipimo vya nyumbani haviisomi kwa uhakika, na chumvi mpya pamoja na chakula cha samaki vinaileta. Kuitia bila kuipima ni kubahatisha, na ikizidi inaua. Kama unashuku upungufu au metali, chupa ndogo ya maji iliyotumwa kwenye maabara ya Ujerumani kwa kipimo cha ICP, kinachosoma madini na metali moja moja, ina thamani kuliko chupa tano za nyongeza, ingawa posta ya kutoka Dar itakuchosha.

Usubiri kiasi gani?

Mkaa uupe siku tatu hadi saba. Mabadiliko ya maji, wiki mbili. Taa iliyopunguzwa, wiki tatu. Kidonda cha wembe kinafunga ndani ya wiki, kofia mpya ni suala la miezi. Katika muda huo fanya jambo moja tu. Ukifanya matatu, tumbawe likipona hujui limeponywa na nini.

Xenia ndilo pekee nisilolingojea. Vidole vyake hufumba na kufumbua mchana na usiku, na watafiti wa Eilat, Israeli, walionyesha mwaka 2013, kwa jamaa yake wa karibu, kwamba mwendo huo huondoa oksijeni kwenye nyama na kuongeza usanisinuru. Likiacha kupiga lakini limesimama, litazame tu. Likianza kuyeyuka, linaweza kuisha lote kwa siku moja na kuchafua maji ya wengine. Linyonye kwa mpira wa maji likiwa bado lina umbo, likiingia kwenye ndoo pamoja na maji ya kubadilisha, uweke mkaa mpya, na ukate kipande kimoja kizima ukiweke mbali upande wa pili wa tangi. Kikishika, ndani ya miezi michache utakuwa unagawia majirani.